Maita ya slaidi kwa banda la nyumbani: uangalie nini kabla hujatoa hela

Siku hizi watu wengi wana kibanda uani, mtu anatengeneza kitanda chake, fremu za milango, meza, akimaliza anauza viwili vitatu kwa majirani, na mashine ambayo kila mtu anaitamani mapema ni maita ya slaidi. Nasema ule msumeno wa umeme unaokaa mezani, kichwa chake unakishusha juu ya mbao, halafu una paipu zinazoruhusu kichwa kivutwe mbele na kurudishwa nyuma ili ukate mbao pana. Ni mashine nzuri mno, ukishaizoea hurudi tena kwenye msumeno wa mkono kwa kazi za kukatisha. Ila watu wanaichagua kwa vitu viwili tu, wati na ukubwa wa bledi, wakati kinachoamua kama kona zako zitakutana au zitaachia ni hizo paipu na namna zinavyoshika. Slaidi ikiwa na mchezo hata ufunge bledi ya bei gani kazi itatoka mbovu. Kwa hiyo msimamo wangu nausema mapema kabisa: kama hela yako inafika kwenye slaidi iliyolegea, au inafika kwenye maita ya kawaida isiyo na slaidi lakini imara, chukua isiyo na slaidi. Mbao pana utazikatisha kwa njia nyingine.

Kwanza ujue inafanya nini. Inakatisha mbao, inakata pembe kwa kugeuza meza, na inakata mlazo kwa kulaza kichwa, basi. Haipasui mbao kwa urefu na usijaribu kuilazimisha, na shiti la MDF au plaiwudi la futi 8 kwa 4 haliwezi. Kama kazi zako nyingi ni makabati ya jikoni na kabati za nguo za bodi, hela ianzie kwenye msumeno wa duara wa mkono na rula ndefu ya aluminiamu, au ukatishe hukohuko wanakouza bodi, wengi wana mashine kubwa na wanakupigia na ejingi kabisa. Maita inalipa kwa mtu wa mbao: fremu, milango, vitanda, viti, skatingi, konisi, pagola, kenchi za banda.

Sasa chukua futi kamba kabla hujaenda dukani, pima mbao unazozitumia kweli, sio zile unazoota. Kwetu mbao zinaitwa kwa inchi, 2 kwa 4, 2 kwa 6, 1 kwa 8, 1 kwa 10, 1 kwa 12, lakini mashine zinaandikwa kwa milimita, kwa hiyo badilisha: inchi 6 ni mm 152, inchi 8 ni 203, inchi 10 ni 254, inchi 12 ni 305. Maita nyingi zenye bledi ya inchi 10 zisizo na slaidi zinakata upana wa mm 130 hadi 150 hivi, maana yake 2 kwa 4 inapita bila shida na 2 kwa 6 iko kwenye ukingo, ikishapigwa randa inaweza kupita, ikiwa mbichi na nene inabaki kipande kidogo hakijakatika na unageuza. Za slaidi zinafika mm 300 na zaidi, hapo hata 1 kwa 12 iliyopigwa randa pembeni inapita.

Lakini hiyo namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi ni ya kukata moja kwa moja, digrii 90. Ukigeuza meza digrii 45 upana unapungua, na hesabu yake ni rahisi, gawanya kwa 1.41. Mashine ya mm 310 ukiigeuza 45 inabaki na kama mm 220. Kwa hiyo 1 kwa 8 utaikata 45 vizuri, 1 kwa 10 haipiti. Hesabu hiyohiyo ndo inakuonyesha kwa nini fremu ya mlango ya 2 kwa 6 inawatesa wenye maita ya kawaida, mbao ya mm 150 ukiikata 45 njia ya bledi inakuwa mm 212, na mashine ya kawaida haina huo urefu. Kama unatengeneza fremu zenye kona za 45 mara kwa mara basi slaidi unaihitaji, hapo sina ubishi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Kuna saizi tatu za bledi utakazokutana nazo sana, mm 216, kisha 254 hadi 260 wanayoiita inchi 10, na 305 wanayoiita inchi 12. Ya 216 inakata kimo cha mm 65 hadi 70, inchi 10 kama 90, inchi 12 inapita 100. Mbao ya inchi 2 zote zinakata. Nguzo ya 4 kwa 4 ndo inayoleta tofauti, ya 216 na ya inchi 10 hazimalizi kwa mkato mmoja, unakata unageuza unakata tena, na kama mashine yako iko skwea mstari hauonekani. Ukilaza kichwa digrii 45 kimo kinashuka sana kwenye zote, ya 216 inabaki chini ya mm 50, iangalie hiyo namba kama unakata mlazo.

Watu wengi wanakimbilia inchi 12 wakidhani kubwa ndo bora. Mi naona kwa banda la nyumbani ya 216 au inchi 10 inatosha karibu kila kitu, na kuna sababu. Bledi ya inchi 12 ikiwa nyembamba inayumba zaidi kwenye mbao ngumu, bei yake iko juu, kunoa kwake kuko juu, na mashine yenyewe ni mzigo. Angalia mifano, Bosch GCM 8 SJL ya mm 216 inakata kimo cha mm 70 kwa upana wa 312 na ina kilo 17 hivi, Makita LS1018L ya mm 260 inakata 91 kwa 310 na ina kama kilo 20. Upana ni uleule! Umeongeza kimo tu. Metabo KGS 216 M inakata 65 kwa 305 na haifiki kilo 14, hiyo unaibeba mwenyewe ukaiweka kwenye bajaji ukaenda saiti. DeWalt DWS780 ya inchi 12 ni mashine ya nguvu kweli, lakini inakaribia kilo 25, ukishaiweka imekaa. Kama huna mtu wa kukusaidia kubeba na banda linafungwa kila jioni vyombo vinaingia ndani, hilo jambo la kilo ni kubwa kuliko wati.

Na nafasi. Paipu za slaidi kwenye mashine nyingi zinatokeza nyuma, kwa hiyo huwezi kuisogeza ukutani. Kutoka ukutani mpaka ukingo wa mbele wa meza yako unaweza kuhitaji karibu mita nzima, na kwenye kibanda cha mita 2 kwa 3 hiyo ni nusu ya maisha yako. Pima. Ziko zilizotatua hili, Makita LS1019L paipu zake zimekaa mbele hazitokezi nyuma, Festool Kapex hivyohivyo, na Bosch wana GCM 12 GDL ambayo haina paipu kabisa, ina mkono wa kukunja kama wa kiwiko, inakaa karibu na ukuta na mkono ule unabaki imara miaka mingi. Ni za gharama, lakini mtu mwenye kibanda kidogo sana azifikirie kabla ya kuzikataa.

Sasa tukae kwenye slaidi yenyewe, hapa ndo pa kutumia muda. Nenda dukani na vitu vitatu, skwea ndogo ya chuma unayoiamini, rula ya chuma iliyonyooka, na kipande cha mbao iliyopigwa randa cha upana wa inchi 8 hivi. Muuzaji akikataa usiguse mashine nenda duka jingine, na Kariakoo maduka ya vifaa hayaishi. Mashine iwe haijachomekwa kwenye umeme. Fungua loki ya slaidi, vuta kichwa mpaka mwisho wa mbele, kishushe kama unayekata, halafu kishike mpini ukisukume kushoto na kulia kwa nguvu ya kawaida. Kila mashine ina mnyumbuko kidogo, chuma ni chuma. Unachotafuta ni kile kigongo, ule mlio wa tok tok na kichwa kucheza kama droo iliyolegea, hiyo iache hapohapo. Rudia kichwa kikiwa katikati na kikiwa nyuma. Kisha vuta na rudisha polepole kwa vidole viwili tu, isikwame, isikwaruze, isiwe nyepesi sehemu moja na nzito nyingine. Paipu mbili nene ni bora kuliko moja, na zikiwa zinatembea juu ya beringi ni bora kuliko zinazotembea kwenye bushi ya plastiki, muulize muuzaji na kama hajui ingia mwenyewe uchungulie.

Halafu fensi, yani kile kiukuta cha nyuma unachoegemezea mbao. Weka rula ya chuma ikiunganisha upande wa kushoto na wa kulia, chungulia kama kuna mwanga unapita. Fensi ikiwa imepinda kiwandani huwezi kuinyoosha kirahisi, na kila mbao ndefu utakayokata itakuwa na pembe moja kushoto na nyingine kulia. Meza nayo ipitishie rula hivyohivyo. Kisha weka skwea kati ya fensi na bledi, iguse mwili wa bledi usiguse meno, halafu kati ya meza na bledi. Vikiwa vimetoka kidogo usiogope, hivyo vinarekebishwa kwa boliti na spana na kitabu kinaonyesha, lakini fensi iliyopinda na slaidi iliyolegea havirekebishiki kirahisi.

Kama wanaruhusu kuwasha, kuna kipimo kimoja kinachosema ukweli wote. Kata ile mbao ya inchi 8 katikati kwa digrii 90, kisha kipande kimoja kigeuze cha juu kiwe chini, vikutanishe tena vyote vikiwa vimeegemea fensi. Mstari ukifunga juu mpaka chini mashine iko skwea. Ukiona nafasi upande mmoja, hiyo nafasi ni mara mbili ya kosa halisi, ndo maana kipimo hiki ni kizuri kuliko skwea, kinakukuzia kosa. Na kwa kuwa mbao ni pana slaidi imefanya safari yake yote, kama paipu haziko sambamba na bledi utaona sehemu ya mkato imechomeka nyeusi au ina mikwaruzo ya meno ya nyuma.

Kugeuza meza nako kuangalie. Mashine zina vituo, unageuza inaingia yenyewe kwenye 0, 15, 22.5, 45, na nyingi zina kituo cha 31.6 ambacho ni cha konisi za Kimarekani zinazokaa digrii 38 ukutani. Konisi ikiwa ya 45 unaigeuza meza 35.3 na kichwa unalaza 30 kama unaikata ikiwa imelala. Vituo viwe vikali, visiwe na mchezo ukishafunga loki. Lakini uwepo uwezo wa kuvizima, na hili watu hawaliulizi. Kona za vyumba vyetu ni chache sana zenye 90 kamili, plasta imeongezwa hapa imepungua pale, unakuta kona ina 91 au 88 na nusu. Sasa unataka kukata skatingi kwa 44.5 na mashine inajivuta yenyewe irudi 45 kila ukikaribia, utalia. Mashine nzuri ina kitufe cha kuzima vituo na loki inayoshika popote. Ijaribu, weka 44.5, funga loki, sukuma meza kwa mkono, isihame.

Kuhusu leza, sizipi uzito. Leza nyingi zinaonyesha upande mmoja tu wa bledi, mtikisiko unazihamisha, na juani hazionekani. Kitu cha maana ni ile taa inayotupa kivuli cha bledi juu ya mbao, DeWalt wanayo kwenye baadhi ya mashine zao, kivuli kinakuonyesha pande zote mbili za njia ya bledi na hakihitaji kurekebishwa kamwe. Kama haina, shusha bledi ikiwa imezimwa mpaka jino liguse alama yako. Inafaa vilevile.

Umeme ndo mahali ambapo hela za watu zinapotea kwenye mashine za mtumba. Umeme wetu ni volti 230. Mashine zinazoletwa kutoka Uingereza zilizotumika kwenye ujenzi nyingi ni za volti 110, utaziona plagi yake ni ya njano ya duara, na huko wanatumia na transfoma yake. Za kutoka Japani ni volti 100, za Marekani ni 120. Muuzaji mwingine amekata plagi akaweka ya kwetu ya pini tatu, mashine inang'aa, unaichomeka nyumbani inanguruma sekunde kadhaa inatoa moshi. Soma kibati cha mashine chenyewe, usisome plagi. Ukitaka kuinunua kweli ya 110 basi nunua na transfoma kubwa ya kuibeba, kwa mashine ya wati 1600 uangalie transfoma ya kVA 3 au zaidi, na hapo jumlisha bei uone kama bado ni rahisi. Ile hertz 50 au 60 isikusumbue, mota za kaboni, yani zenye vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota, hazijali, volti ndo kila kitu.

Mashine ya wati 1800 kwenye volti 230 inakula kama ampea 8, plagi ya kawaida ya 13 inaibeba. Shida ni jioni umeme unaposhuka, mota inakosa nguvu, mtu anasukuma zaidi, mota inachemka. Umeme ukiwa mdogo subiri au kata polepole. Ekstensheni usitumie ile nyembamba ya kuchajia simu, ukivuta mita 20 au 30 tafuta waya wa mm 2.5 za mraba, na kama ni ya kwenye roli ifungue yote, ikikaa imeviringishwa inapata moto. Wenye jenereta na wenye sola na inveta wachague mashine inayoanza taratibu, maana isiyo na hicho kitu ikiwashwa inavuta umeme mwingi kwa mshtuko na jenereta dogo la kVA 2 linashindwa kabisa. Kuhusu za betri, ni tamu kwa fundi anayezunguka saiti zisizo na umeme, kwa nyumbani penye LUKU sioni sababu, bei ya betri mbili inakununulia bledi za miaka.

Bledi sasa. Tenga hela ya bledi kwenye bajeti ileile ya mashine, kwa sababu ile inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya meno machache ya kukatia mbao za ujenzi. Kwa inchi 10, meno 40 inakata paini na kazi za haraka, 60 inatosha kazi nyingi za fanicha, 80 kwa konisi, fremu za picha na kona zitakazoonekana. Ya 216 shusha hizo namba kidogo, 48 hadi 60 ni safi. Tundu la katikati lifanane na shafti yako, za Ulaya nyingi ni mm 30, nyingine ni 25.4, na za Kimarekani za inchi 10 ni kama 15.9, kwa hiyo pima kabla. Mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya ya mashine.

Na kuna pembe ya jino. Bledi za kupasulia mbao meno yake yameinama mbele sana, yanang'ata na kujivuta. Ukiifunga hiyo kwenye maita ya slaidi kichwa kinaweza kukurukia mbele au mbao ikanyanyuka, ni hatari kweli. Kwa slaidi tafuta bledi ambayo pembe yake ni hasi au karibu na sifuri, kati ya hasi 5 na chanya 5 hivi, huwa imeandikwa kwenye bledi au kwenye paketi. Inakata taratibu kidogo lakini mkono wako ndo unaongoza, bledi haikuburuzi.

Mbao zetu nazo zina tabia zake. Paini ya Mafinga haina ugumu ila ina gundi, inaganda kwenye meno na bledi inaanza kuchoma mbao, mtu anadhani imeisha makali kumbe chafu, itoe uiloweke kwenye maji ya moto na sabuni uisugue na mswaki wa zamani, ikauke vizuri ndo uirudishe. Mtiki una silika ndani yake, unakula makali haraka kuliko unavyotegemea. Mvule kuna wakati una mawe, kweli mawe, madini ya chokaa yaliyoganda ndani ya mti, jino likigonga hapo linakatika. Mkongo ni mgumu, punguza mwendo. Mbao za zamani za kenchi na mapaleti ndo usiseme, misumari, pitisha sumaku kwanza na uangalie kila kitundu. Kama kazi yako ni mbao za kubomolewa kila siku, Evolution wana mashine za mizunguko midogo zenye bledi ya kukata mbao yenye misumari na hata chuma laini, hiyo ni kesi yake. Kwenye maita ya kawaida usifunge diski ya kukatia chuma, cheche zikiingia kwenye unga wa mbao uliojaa ndani ya kava ni moto. Na kinyume chake pia, ile mashine ya kukatia chuma ya inchi 14 ambayo baadhi ya watu wanaifunga bledi ya mbao, naomba sana usifanye, kava yake na kishikio chake havikutengenezwa kwa meno.

Kunoa: meno haya ni ya kabaidi, yananolewa kwa jiwe la almasi, tupa haiyawezi. Tafuta mtu mwenye hiyo mashine karibu nawe kabla hujanunua bledi ya gharama, ukikosa nunua za bei ya kati uwe unabadilisha.

Jina gani la mashine? Makita, Bosch, DeWalt, Metabo, HiKOKI ambao ni Hitachi wa zamani, hao spea zao zinapatikana na ukizitunza zinadumu. Ingco na Total ni za bei nafuu na zimejaa madukani, kwa mtu anayekata wikendi zinafaa, ila hapo ndo ufanye vipimo vyangu vyote vya slaidi na fensi kwa kila mashine moja moja, maana mbili za modeli ileile zinaweza kutofautiana, fungua boksi la pili na la tatu uchague. Muulize muuzaji kama ana kaboni zake na swichi, akuonyeshe kwa macho. Mota ikiungua mafundi wa kusuka mota wapo kila mji, lakini swichi na kava za plastiki zikikosekana mashine inakaa. Feki za majina makubwa zipo pia, nyepesi kuliko inavyotakiwa, kibati kimechapwa vibaya, bei tamu kupita kiasi. Linganisha kilo na zile zilizoandikwa kwenye kitabu cha kampuni.

Ya mtumba ikiwashwa isikilize, mlio wa kukwaruza ni beringi, cheche kubwa zinazozunguka pale kwenye kaboni ni mota iliyochoka, harufu ya kuungua usiulize zaidi. Izime uhesabu bledi inachukua muda gani kusimama, yenye breki inasimama kwa sekunde chache tu. Inua na kushusha kichwa mara kadhaa, kava ya chini lazima ijifunge yenyewe bila kusaidiwa, na kama mwenye nayo ameifunga kwa waya ibaki wazi, jua hata vingine havikutunzwa.

Ukishaileta nyumbani ifunge kwa boliti kwenye meza imara, na kushoto kulia uweke vishikio vya mbao ndefu vya kimo kilekile cha meza ya mashine, kwa sababu mbao ya futi 12 ikining'inia upande mmoja inainua upande mwingine na mkato unaenda pembe, hapo utailaumu mashine bure. Mbao iliyopinda ule mgongo wake uegemee fensi, ukiugeuza kinyume mkato ukikaribia kuisha mbao inaibana bledi.

Kukata kwenye slaidi kuna mpangilio wake, na wengi wanakosea: vuta kichwa mbele kikiwa juu, washa uache ifikie kasi yake, shusha, halafu sukuma kwenda nyuma. Usikate ukiwa unavuta kuja kwako, bledi inazunguka upande huo na itapanda juu ya mbao ikufuate. Ukimaliza achia swichi kichwa kikiwa chini, subiri bledi isimame ndo uinue, vipande vidogo haviruki. Mkono unaoshika mbao ukae mbali na njia ya bledi angalau sentimita 15, usivuke mikono, usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea, na kipande kifupi kisichofika hapo kifunge kwa klampi, au kikate kikiwa bado ni sehemu ya mbao ndefu.

Vumbi lisichukuliwe poa. Maita zote zinatawanya vumbi, kile kimfuko cha nyuma kinakamata kidogo tu, unganisha vakyumu kama unayo na uikatie nje au mlangoni kwenye upepo. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, waliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, na vumbi la mvule lenyewe linawasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Barakoa ya FFP2, miwani, na vya kuzibia masikio vinunue siku hiyohiyo unayonunua mashine, kwenye risiti ileile, na watoto wasikae kwenye banda wakati unakata, hata kama wanataka kuangalia. Ukiondoka chomoa plagi ukutani kabisa, usiishie kuzima swichi.